Rangi ya Uso wa Baba

Baba alikuja saluni kwangu siku ya Jumatatu, kwa kuwa alijua Jumatatu hakuna maharusi. Alisimama mlangoni, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, akangoja mama mmoja niliyekuwa namsuka ainuke na kuondoka. Ndipo akaingia na kuketi kwenye kiti cha wateja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu nifungue pale.

"Ile unafanyiaka babibi-arusi," alisema huku akitazama vichupa vyangu mezani, "ku uso ya mwanaume inaweza kukamata?"

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka. Alivua kofia, akaiweka juu ya goti, nami nikaelewa.

Baba alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja nje ya mji wetu wa Kolwezi, mahali wanapoyeyusha mawe ya shaba kwa asidi. Asubuhi moja bomba lilipasuka karibu naye. Aligeuza kichwa upande, na hilo ndilo lililookoa macho yake, lakini shavu la kushoto, sikio na shingo hadi kwenye kola vilipata yote. Alilala hospitali muda mrefu. Alipotoka, upande ule ulikuwa na mabaka meupe yenye wekundu, mengine meusi kuliko ngozi yake, na ngozi yenyewe ilikuwa imevutwa, nyembamba, yenye kung'aa kama ganda la kitunguu. Nusu ya unyusi wa kushoto haikurudi. Ndevu alizokuwa nazo tangu ujana sasa ziliota upande mmoja tu.

Kampuni ilimpa kazi ya kulinda mlango wa stoo, kisha ikamwambia apumzike nyumbani. Akapumzika. Kanisani aliacha kuimba na kwaya, akawa anakaa benchi la mwisho. Watu wa mtaani hawakumsema vibaya. Walizungumza naye kama zamani, ila macho yao yalikuwa kwenye vifungo vya shati lake.

Kilichomleta saluni kilikuwa simu ya shangazi kutoka Kisenge. Babu yangu alitoka kaskazini ya Katanga, akaajiriwa kule Kisenge kuchimba madini ya manganizi, na watoto wake wote walizaliwa huko. Babu alikufa zamani. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi, alibaki na shangazi. Shangazi alisema kambo hali tena chakula kigumu, siku nyingine anasahausahau, lakini kila asubuhi anauliza mwanawe wa kwanza atakuja lini.

Mwanawe wa kwanza ni baba. Na kambo hakuwa ameambiwa lolote kuhusu asidi.

Sababu ilikuwa baba mdogo, mdogo wake baba aliyemfuata. Alikuja Kolwezi akiwa kijana, akachimba kwa mikono kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba, na shimo likamfunika. Kambo alipopata habari alilia, akakaa chini, hakula, hakusema, hata watu wakadhani atamfuata mwanawe. Kwa hiyo baba alipochomwa, familia ilikubaliana bila mkutano wowote kwamba hili asilisikie. Kila alipouliza, aliambiwa mwanao ana kazi nyingi.

"Nitaingia namuna gani mbele yake na hii uso?" baba aliniuliza. "Mutoto moja alikufa mu shimo. Na mwingine anakuya hivi?"

"Baba, naye anaweza kuona kama nimekupaka."

"Hapana. Nimeonaka kazi yako. Bibi-arusi anatoka hapa sawa vile hajapakwa kitu."

Ni kweli kwamba wateja wangu hutaka hivyo. Hawapendi uso unaotangulia mwenyewe mlangoni. Wanataka uso wao wenyewe, lakini kama umelala vizuri, haujalia, haujakaa juani sokoni, haujazaa. Kwa msichana wa miaka ishirini hilo ni jambo dogo. Kwa baba sikujua nianzie wapi. Nilimwambia aje Jumapili baada ya misa.

Mama hakupenda. Nilipomweleza alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, uani, na hakuinua kichwa.

"Mama yake njo alimuzala," alisema. "Atamujua hata na ule uso."

"Haiko neno ya kumujua, mama. Ni ule uchungu baba hataki aone."

"Na uchungu ya mwenye kupakwa?" aliuliza, akaendelea kuchambua majani.

Jumapili ile nilishindwa. Nilifanya kama ninavyofanya kwa wengine: nilichukua fondeten, ile rangi ya majimaji ya kusawazisha uso, nikachagua inayofanana na shavu lake zima, nikapaka uso mzima kwa brashi. Kwenye kovu haikushika. Ilijikusanya kwenye mikunjo na kuteleza palipo laini, na mabaka meusi yakageuka kijivu kama jivu la mkaa. Nikaongeza. Nilipomaliza, baba alikuwa na uso wa rangi moja kuanzia paji hadi kidevuni, kama ukuta uliopakwa chokaa. Alijitazama kwenye kioo kidogo, akaomba maji ya kunawa. Hakunilaumu.

Wiki ile nzima nilifikiria ngozi yake kuliko nilivyowahi kufikiria ngozi ya mtu. Jumapili iliyofuata nilianza upya. Kwanza nilimnyoa ndevu zote, kwa sababu haikuwezekana kuficha kwamba zinaota nusu. Nilipaka mafuta mepesi kwenye kovu, nikangoja yaingie. Juu ya mabaka meusi nikaweka rangi ya chungwa kidogo sana, ili kijivu kisitokee. Kwenye mabaka meupe niliweka rangi nzito yenye wekundu, nikiidonoa kwa sponji bila kusugua, safu nyembamba, nangoja, safu nyingine. Sikutafuta rangi moja tena. Nilimgeuza nikawa natazama shavu lake la kulia, lile zima, na kunakili lilivyo: karibu na pua ni jeusi zaidi, juu ya mfupa kuna mng'ao, chini ya jicho kuna kivuli cha uzee. Upande wa kushoto nikautengenezea uzee uleule. Unyusi nikauchora unywele mmoja mmoja. Mwisho nikagusa poda kidogo, nikamvuta hadi mlangoni, maana taa ya saluni hudanganya na jua halidanganyi.

Nilikuwa nimesahau jinsi baba alivyokuwa.

Nilimpa kioo. Alikishika kwa mikono miwili. "Eh," alisema polepole. "Huyu alikuwaka wapi?"

Akaniomba ruhusa, yaani yeye aliniomba mimi, atembee mpaka kwenye kona ya barabara na kurudi. Alikwenda bila kofia. Jirani mmoja aliyekuwa anatengeneza pikipiki alimwita, wakasimama wakaongea. Nilikuwa nawatazama kutoka saluni. Jirani alikuwa anamtazama baba usoni, anacheka, anamgusa bega. Walizungumza hivyo kwa muda mfupi tu, na mimi badala ya kufurahi nikaona uchungu, kwa sababu nilielewa ni nini watu walichokuwa wamemnyima miaka yote hiyo, na kwamba sasa kilikuwa kinatoka kwenye chupa.

Tulisafiri kabla mvua hazijawa kali. Ilibidi niende naye, maana asingeweza kujipaka. Gari la jipu lilipita Mutshatsha, likakwama, likasukumwa, tukalala Kasaji kwenye chumba cha misheni. Baba alizungumza sana njiani, zaidi ya kawaida yake. Alinieleza jinsi kambo alivyokuwa akipika mihogo asubuhi kabla ya shule, na jinsi baba mdogo alivyokuwa akimfuata kila mahali, hata kazini akataka kazi ileile. "Alinifuata mpaka Kolwezi," alisema, kisha akageukia nje mpaka tulipoona vilima vyeusi vya manganizi vya Kisenge.

Shangazi alitupokea kwenye nyumba ya jirani, kama tulivyopanga kwa simu. Hakuwa amemwona kaka yake tangu ajali. Alimshika mikono, akamtazama, akageuka ukutani akalia bila sauti. Nikamnyoa baba tena na kumpaka palepale, mbele ya dirisha, shangazi akiwa ameshika kioo. Joto lilikuwa kubwa na jasho lilinisumbua, lakini kazi ilitoka vizuri. Labda ilitoka vizuri kuliko ile ya Kolwezi. Shangazi alimtazama baba kwa mshangao, akataka kusema kitu, akaacha.

Kambo alikuwa amelala kwenye kitanda karibu na dirisha, mdogo kama mtoto, kitambaa kichwani. Baba alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama," alisema.

Kambo alimtazama muda mrefu. Kisha uso wake wote ukafunguka, akamwita kwa jina. Halikuwa jina la baba. Lilikuwa jina la mdogo wake.

"Banasemaka ulikufa," kambo alisema. "Mi nilikuwa nabaambia hapana."

Shangazi aliweka mkono mdomoni. Mimi nilitazama ule uso nilioutengeneza na kuona kile nilichopaswa kukiona mapema. Baba alikuwa na ndevu tangu ujana. Baba mdogo hakuwahi kuwa nazo. Nilikuwa nimemnyoa, nimemlainisha, nimemwondolea baadhi ya miaka bila kukusudia, na aliyekuwa amepiga magoti pale alifanana na picha ya baba mdogo iliyotundikwa ukutani mwa chumba kilekile.

"Ni mi, mama," baba alisema. "Ni mi mukubwa."

"Najua ni weye," kambo alijibu, akamshika mkono. "Umekonda. Kule Kolwezi habakupe chakula?"

"Bananipa, mama."

"Na yaya yako eko wapi? Juu ya nini hakuyake kuniona?"

Yaya ni kaka mkubwa, yaani baba mwenyewe. Baba alinitazama mimi, kisha shangazi, kama mtu anayeomba kusaidiwa kubeba kitu. Hakuna aliyemsaidia.

"Eko na kazi mingi," alisema mwishowe.

"Kazi," kambo alisema. "Yule anapenda kazi kupita mama yake."

Alimshikilia mkono mpaka akasinzia. Baba alibaki amepiga magoti. Alipotoka nje, jasho lilikuwa limechora mstari kwenye shingo, na chini yake kovu lilikuwa linaonekana. Nilitaka kulirekebisha, akaondoa mkono wangu taratibu.

Kesho yake asubuhi nilipotoa vichupa, alikataa. Alikuwa amenawa kwa sabuni. "Leo nitaingia na ya kwangu," alisema. "Acha aone. Aikale na hasira, aikale na uchungu, lakini aone kama nilikuya."

Nikaingia nyuma yake. Kambo alikuwa ameegemezwa kwenye mto, shangazi akimnywesha uji. Baba aliketi kwenye kiti karibu na miguu ya kitanda, jua la dirishani likimpiga upande wa kushoto. Kambo alimtazama. Hakushtuka. Alimtazama kama mtu mwenye adabu anavyomtazama mgeni.

"Karibu, tata," alisema, kama anavyoitwa mwanaume yeyote mgeni. "Ni moto ilikufanya vile?"

"Ni maji ya ku kazi, mama."

"Pole. Inauma?"

"Haiumi tena."

Kambo alitikisa kichwa kwa huruma. Alimeza uji, akafikiri. "Mama yako anajua?"

Shangazi alishusha kijiko. Nje kuna mtu alikuwa anapasua kuni, na nakumbuka kwamba nilikuwa nangoja pigo linalofuata la shoka kana kwamba ndilo litakalojibu.

"Sasa anajua," baba alisema.

"Basi aliliya sana," kambo alisema, akamwambia shangazi ampe mgeni chai, maana ametoka mbali. Kisha akaanza kutazama mlango. "Mutoto wangu mwenye alikuya jana ameenda wapi? Alisema atarudia."

Alilirudia swali hilo asubuhi nzima. Shangazi alijaribu kumweleza, akamwonyesha baba, akataja jina lake, akamwambia ajali yote tangu mwanzo. Kambo alisikiliza, akasema ni jambo la kusikitisha sana, akauliza tena mwanawe ameenda wapi. Adhuhuri aligoma kula. Alianza kulia, na kilio kile shangazi alikuwa akikikumbuka tangu siku ya habari za Mashamba.

Baba alinikuta nyuma ya nyumba. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akainua uso kuelekea jua ili nione vizuri.

"Paka," alisema.

"Baba, hulazimishwi."

"Paka. Anamungoja."

Nikampaka. Ilinibidi niufute unyusi na kuuchora upya. Yeye alifumba macho. Nilipomaliza hakuomba kioo. Aliingia ndani, na nikamsikia kambo akimwita mdogo wake baba kwa jina lile, na baba akaitika.

Kwa siku zilizobaki alikuwa mdogo wake. Kila asubuhi nilimpaka nyuma ya nyumba kabla kambo hajaamka vizuri, na mchana aliketi kando ya kitanda akisikiliza. Kambo alimsimulia mengi. Alimsifu kwamba alikuwa mtoto wa kicheko. Alilalamika juu ya yule mkubwa, aliyekuwa mkali, aliyekwenda Kolwezi kwanza na kumwonyesha mwenzake njia ya huko. "Kama haikuwa yeye, weye ungebakia hapa," alisema siku moja, na baba akasema, "Ndiyo, mama." Nilikuwa nafua nguo chini ya dirisha. Sijawahi kumuuliza kama alikuwa akijua, kabla ya siku ile, kwamba mama yake analifikiria hilo.

Siku ya kuondoka kambo aliweka kiganja juu ya kichwa chake na kumwombea. Alimwombea kwa jina la mwingine, kwa kirefu, kwamba atembee salama, apate mke, ardhi isimguse. Kisha akasema, "Ukifika Kolwezi, ambia yaya yako akuye. Mi sina tena nguvu ya kungoja."

"Nitamuambia," baba alisema.

Kwenye jipu alinawa uso kwa maji ya chupa kabla hatujatoka mjini. Abiria wengine walimwona akianza safari na uso mmoja na kuendelea na mwingine. Nyumbani mama alimuuliza, "Alikujua?" Baba akasema kambo amemsalimia vizuri na amempa chai. Mimi nilieleza yaliyobaki baadaye, jikoni, na mama aliketi juu ya ndoo ya maji akanisikiliza hadi mwisho. Hakusema kwamba alikuwa ametuonya.

Kambo alifariki mvua zilipokuwa zimekata njia. Shangazi alisema alikwenda usingizini. Magari hayakupita, hatukuweza kwenda, wakamzika bila mwanawe wa kwanza. Tulimwombea misa hapa Kolwezi. Asubuhi ya misa nilimwendea baba na begi langu mkononi, nikamuuliza kama anataka. Kanisa lingejaa, na alipaswa kukaa mbele kama mfiwa.

"Hapana, mama," aliniambia. Huniita hivyo anapokuwa na upole. "Ile imeisha."

Akaketi benchi la kwanza na uso wake. Sitasema kwamba watu walibadilika. Walipokuja kutoa pole walimshika mkono na kutazama vifungo vya shati, na mwanamke mmoja alimficha mtoto wake kwenye mikunjo ya kitenge ili asiulize. Baba aliwashukuru mmoja mmoja. Ndevu zilikuwa zimeanza kuota tena upande wa kulia, nyingi zikiwa nyeupe.

Huwa najiuliza kambo angemwita kwa jina gani kama nisingemnyoa, kama kazi yangu ingekuwa mbaya kidogo, kama ile ya Jumapili ya kwanza. Nimemuuliza mama. Anasema hakuna anayejua, na kwamba niache kuuliza mbele ya baba. Siku ile misa ilipokwisha mvua ilikuwa inanyesha, na tulikaa chini ya paa la kanisa pamoja na wengine, tukingoja ipungue ili twende nyumbani kuwapa watu chakula.